Bata mzinga kaatamia: namna ya kumtunza mpaka siku ya 28 na yeye mwenyewe akabaki mzima

Mara ya mwanzo bata mzinga wangu kulalia mayai nilimwacha tu, maana mie nimezoea kuku, na kuku ukishamwekea pakacha lake na mayai kumi basi kazi imekwisha, mwenyewe huinuka akala akarudi, wewe unakuja kuhesabu vifaranga. Huyu siku ya 20 na kitu nikaenda kumtazama, nikampitisha mkono kifuani, mfupa wa kidari umesimama kama kisu. Kumbe alikuwa hainuki! Maji yapo, mahindi yapo, hatua tatu tu kutoka kwenye kiota, hajayagusa. Siku ya pili yake nikamkuta kafa juu ya mayai, mbawa kazikunjua vile vile kama yu hai. Nikayapasua yale mayai nione, vifaranga ndani washaota manyoya.

Tangu siku ile mie kwa bata mzinga alolala najua kazi yangu ni kumtoa kwenye kiota. Mayai anayajua yeye kuliko mimi, anayageuza, anayapa joto, anajua lipi likae kati na lipi lisogee pembeni. Kujitunza mwenyewe ndo hajui. Kwaiyo humu mtaona naongea sana habari ya mama, ya mayai kidogo.

Nafuga Pemba, upande wa Wete, makoo (majike) manne na dume mmoja, si mradi mkubwa. Mwenye mabata mia atatafuta inkubeta, ile mashine ya kutotolea mayai. Ila inkubeta nayo kwetu huku ina mambo yake, umeme wetu unakuja kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, na ni afadhali mno kuliko enzi za majenereta ya Wesha, lakini ukikatika usiku mzima na mayai yako yana siku 20 utafanya nini? Bata mzinga hakatiki.

Kabla hajalala

Koo huanza kutaga akiwa na miezi saba hivi na kuendelea. Anataga yai moja kwa siku, au siku moja anataga nyengine anapumzika, mpaka yafike kumi mpaka kumi na tano ndo moto wa kulalia unamshika. Dume mmoja anatosha kwa makoo matano sita. Akishampanda, mbegu hukaa ndani ya koo wiki kadhaa, hamna haja ya kuwafungia pamoja kutwa. Mkate dume kucha ncha zake, ni mzito yule na akipanda migongo ya makoo inachanika, nshashona mgongo wa koo mmoja kwa sindano na uzi mie, sitaki tena.

Mayai okota kila siku, andika tarehe kwa penseli (sio kalamu ya wino wala maka), yaweke ncha kali chini kwenye trei ama bakuli la wishwa, mahali pa baridi kuliko pote ndani ya nyumba. Kwangu ni sakafuni chini ya kitanda. Friji hapana. Kuyaosha hapana, lile ganda lina utando wake unaozuia uchafu kuingia, ukiosha umeuondoa. Yageuze kidogo kila siku. Yai lolote lilozidi siku kumi mie naliona la kukaanga, na wakati wa joto la kaskazi hata siku saba nasema zinatosha. Hapa mwenye koo mmoja atasema sasa mbona mayai kumi yatanichukua wiki mbili? Kweli, basi yale matatu manne ya mwanzo kula, mwekee ya mwisho mwisho. Mwenye makoo mawili matatu anakusanya ya wote kwa wiki moja anampa yule alokwisha kulala.

Na ukimwona koo kapotea kila asubuhi ujue ana kiota chake porini. Hawa wana hila, anakuzungusha shamba zima la muhogo anajidai anadonoa, ukigeuka tu kesha ingia kichakani. Mfungie tundu mpaka saa nne ivi, ukimfungulia yai limembana na hana muda wa kukuzungusha, atakwenda moja kwa moja, we mfate kwa mbali. Ukikipata kiota usichukue mayai yote, acha moja au weka la kuku, ukimaliza yote anahama.

Kabla hajafika huko mpe dawa ya minyoo na chanjo ya kideri, ile ya tone la jicho, kabla hajaanza kutaga. Akishalala simchomi wala simtii dawa ya maana isipokuwa ya wadudu, ntakuja huko.

Kaatamia kweli au anajaribu?

Koo anotaga hukaa kiotani saa moja mbili akaondoka. Alolala utamkuta pale asubuhi, mchana na magharibi, kajitandaza kama mkeka, ukimsogelea anavimba na kutoa sauti ya nyoka, fffss, anaweza kukudonoa lakini hakimbii. Tia mkono chini ya tumbo, utahisi joto kama la sufuria ilotoka jikoni muda si mrefu, na mara nyingi manyoya pale yamepungua. Akikaa hivyo siku mbili na usiku wake basi kalala huyo. Usimpe mayai siku ya kwanza. Mwachie mayai mawili ya kuku ya kumdanganyia.

Kiota

Mie natumia tairi bovu la gari ndogo, limelazwa chini kwenye udongo, si kwenye saruji. Ule uwazi wa ndani wa tairi ujaze vitambaa au majani yakakazana kabisa, usipojaza mayai yanabingirika yanaingia mle na hata kifaranga anaweza kukwama. Kati tia udongo, ukandamize kwa ngumi uwe kama sahani yenye shimo dogo, juu yake majani makavu. Shimo likizidi kina mayai yanarundikana na yanavunjana, likiwa bapa yanatawanyika. Kama huna tairi basi panga matofali, upana uwe kama senti mita 60, inatosha. Lakini sio juu! Watu wanamwekea bata mzinga kiota juu ya meza kama kuku, huyu kilo nne tano, akiruka kuingia anatua juu ya mayai.

Majani yawe makavu khasa. Makumbi yaloroa, nyasi zenye ukungu, hivyo vinazaa kuvu na vifaranga wakivuta ile vumbi yake vifua vinaharibika, wanahema mdomo wazi na kufa bila kujua kimewapata nini. Masika hii ndo khasara kubwa ya watu wengi wanayosema ni uchawi.

Pawe na giza kidogo, upepo upite, mvua isifike, na asiingie mwengine. Asiingie mwengine nasisitiza. Koo mwengine akiingia atatagia mayai yake mule mule, unakuwa na mayai ya tarehe tano tofauti, ya mwanzo yakitotolewa mama anaondoka na vifaranga mengine yanakufa yamebakiwa na siku nne. Au wanalala wawili kiota kimoja wanagombania, mayai yanapasuka. Dume ndo kabisa, anampanda koo akiwa juu ya mayai. Wavu au vijiti vya mwanzi, mlango wenye komeo. Huku kwetu kuna chonjwe na ngawa na mapaka ya mwituni, na kenge, na panya wanakula vifaranga, kwaiyo wavu uwe wa matundu madogo na uzame chini ardhini kiasi.

Paa la makuti ni bora kuliko bati. Kama ni bati tupa makuti juu yake, utaona tofauti saa nane mchana.

Kumhamisha

Akiwa kalala porini au mahali pabaya, mhamishe usiku. Giza limeingia vizuri, tochi ya simu ufunike kwa kidole isiwake kali, mbebe kwa mikono miwili mbawa zikiwa zimebanwa, mweke taratibu kwenye kiota kipya chenye mayai ya kudanganyia, funga mlango, toka. Asubuhi atahangaika kidogo. Akikaa siku mbili kiota kipya, usiku wa tatu ndo unamtolea ya uongo unampa ya kweli, yote kwa pamoja, na siku hiyo ndo siku ya sifuri. Andika ukutani kwa mkaa. Siku 28 mbele ni kutotoa.

Mayai mangapi? Koo wangu mkubwa nampa 12, mdogo alolala mara ya kwanza 9 au 10. Wanafika 15 mpaka zaidi wakifunika vizuri, lakini mie naona kumi yalofunikwa ni bora kuliko kumi na sita ambayo kila siku mawili yako nje yanapoa, na sio mawili yale yale, anayazungusha, kwaiyo yanapoa yote kwa zamu.

Sasa kila siku

Hapa ndo penyewe. Wapo makoo wenye akili zao, wanainuka wenyewe mara moja kwa siku, dakika 15 mpaka 30, wanakula wanakunya wanarudi. Ukiwa na huyo shukuru Mungu. Lakini usiamini, hakikisha. Alama ya kujua ni kinyesi: anolalia hukunya mara moja kwa siku rundo kubwa, kama ngumi, linanuka vibaya mno, huwezi kulikosa. Kama hulioni nje ya kiota, hajatoka. Siku mbili hulioni, wewe mtoe.

Namna ya kumtoa. Nenda wakati ule ule kila siku, mie saa moja na nusu asubuhi kabla jua halijawa kali, na uzungumze kidogo ukikaribia asishtuke. Usimdake! Tia mikono miwili chini kutoka pembeni taratibu, kwanza uhisi kwa vidole kama kuna yai limenasa kwenye kwapa au kati ya mapaja, maana wanapenda kuyabana huko, ukimnyanyua ghafla yai linakwenda nae juu kisha linaanguka juu ya mengine, paa, mawili yamekwenda. Lilonasa litelezeshe chini kwanza. Ndo umnyanyue, mbawa zikiwa ndani ya mikono yako, utoke nae mpaka nje umweke kwenye majani.

Pale chini atakaa kama alopigwa na bumbuwazi. Kaganda, kajitandaza, ukidhani anaumwa. Muache. Baada ya dakika mbili tatu anainuka, anajitikisa, anakimbia mbio za kichaa huku kafungua mbawa, anakunya lile rundo lake, halafu ndo anakwenda kwenye maji. Siku za mwanzo nilikuwa naogopa nikimwona vile, saivi nakaa kwenye kinu kilopinduliwa nanywa chai yangu namtazama.

Jirani yangu bibi mmoja alinikuta namtoa akashangaa. "We mtoto, mzazi unamtoa kitandani?" Nikamwambia "Bibi, nisipomtoa atanifia." "Mbona kuku wangu hawatolewi?" "Kuku bibi, huyu si kuku." Akacheka akasema basi mnyweshe na uji kabisa.

Dakika 20 zinatosha. Kwa joto letu hata nusu saa mayai hayadhuriki, usimrudishe mbio. Mara nyingi anarudi mwenyewe, ila angalia anarudi wapi, bata mzinga si ajabu akaenda kulala kwenye kiota kitupu cha jirani na kuridhika kabisa, mayai yake yanapoa huku yeye anaona mambo sawa. Akipotea njia mbebe.

Na mshike kidari mara mbili kwa wiki, yule wa kwanza alinifundisha. Atakonda, kukonda lazima, lakini nyama pembeni ya mfupa uihisi kwa kidole. Ukiona ncha ya mfupa imekuwa kali na pembeni kumebonyea, mtoe mara mbili kwa siku na umsogezee chakula mpaka mdomoni akiwa hapo hapo kiotani.

Chakula na maji

Mahindi mazima au yalobaragazwa, mtama, mpunga ukiwa nao. Punje ngumu zinamkalia tumboni muda mrefu na kinyesi kinakuwa kigumu, hakichafui kiota. Pumba mbichi za kuroweka na machicha ya nazi mengi mengi siku hizi za kulala hapana, anaharisha, anakunya juu ya mayai, na mayai ya bata mzinga yakichafuka yanaoza haraka. Konzi mbili kwa siku ziwepo, akimaliza ongeza. Majani mabichi kidogo, mchicha, matembele. Ganda la yai lilosagwa au changarawe pembeni.

Maji ni muhimu kuliko hayo yote. Kifuu cha nazi hakitoshi, anapindua, tumia dumu lilokatwa nusu ukalizika kidogo ardhini lisianguke. Maji na chakula viwe mbali kiasi na kiota, hatua tatu nne, ili alazimike kuinuka, isipokuwa yule mgumu asoinuka, huyo msogezee. Siku za jua la Januari na Februari ukimwona anahema mdomo wazi juu ya mayai mnyweshe hapo hapo kwa bakuli, na upande wa jua ziba kwa kuti.

Wadudu

Utitiri ndo adui namba moja. Mama amekaa pale pale wiki nne, joto lipo, giza lipo, wao wanataka nini tena? Wakizidi wanamnyonya damu mpaka ngozi ya kichwa inakuwa nyeupe na anaweza kuyakimbia mayai. Kabla ya kumwekea mayai mpake unga wa kuua wadudu wa kuku, chini ya mbawa, shingoni, na pale nyuma, na kiota pia chini ya majani. Rudia kati ya siku ya 10 na ya 20. Siku ya 24 kuendelea usipake tena, vifaranga watatoka kwenye ile ile dawa. Bibi zetu wanaweka majani ya mwarobaini na tumbaku kavu chini ya kiota, mie nayaweka pia ya mwarobaini, ila unga situpi. Na mwekee shimo la jivu na mchanga mkavu nje, akitolewa lile ndo starehe yake, anajigaragaza mpaka unamwonea wivu.

Siafu wanakuja na mvua, na wanakuja usiku. Zungushia jivu jingi nje ya tundu, ukikuta wamepanga mstari mwaga mafuta ya taa kwenye mstari wao mbali na ndege, kamwe sio karibu na kiota. Siku za kutotoa ndo hatari zaidi, yai likishatoboka ile harufu ya majimaji inawaita, na mama hawezi kuwafukuza. Hizo siku mbili tatu mie huamka saa nane za usiku nikapita na tochi.

Kuyapima mayai

Siku ya 9 au 10, akiwa nje anakula, ingia gizani na tochi ya simu. Kunja karatasi ngumu iwe bomba, weka yai mdomoni mwa bomba upande mnene, tochi nyuma. Ganda la bata mzinga lina madoa doa kama mtu kalipulizia kahawa lakini linapitisha mwanga. Lenye mtoto utaona doa jeusi na mishipa myekundu imetawanyika kama miguu ya buibui, na ukitulia unaona lile doa linacheza. Lilo jeupe lote halina kitu. Lenye pete ya damu imezunguka bila mishipa, alikuwepo akafa. Hayo mawili toa. Ukiwa huna hakika rudisha, pima tena siku ya 14.

Viza usiyaache kiotani kwa huruma. Yai viza kwa joto lile linajaa hewa linapasuka lenyewe, na ule uvundo mwenyewe si kitu, tatizo ni yale maji yake yanayowapakaa wenzake na kuwaozesha. Likipasuka toa majani yote yalochafuka, tia mengine, mayai mazima yalopakaa yafute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kuzidi joto la yai lenyewe, mkono ukihisi ya moto kiasi. Maji baridi yanalifanya yai lisinyae ndani na kuvuta uchafu kupitia vitundu vya ganda. Kausha, rudisha.

Ukimkuta asubuhi kalala nje ya kiota na mayai baridi, usitupe. Mrudishe, subiri siku tatu, pima. Nshawahi kuyatupa mayai nane nikaja kulia, moja lilipasuka jalalani na kifaranga alikuwa anatikisika.

Siku za mwisho

Kuanzia siku ya 25 mwisho wa kupima, mwisho wa kuchokonoa. Mtoe asubuhi kama hajatoka mwenyewe, haraka, na siku ya 26 kwenda mbele ukisikia mlio ndani ya mayai muache kabisa, mwekee maji na mahindi karibu na mdomo. Utasikia na yeye anaitikia, sauti laini ya chini ambayo hujapata kumsikia nayo.

Kutoboa mpaka kutoka kunaweza kuchukua siku nzima, hata zaidi. Usisaidie. Kifaranga bado anavuta kiini tumboni na mishipa ya ganda haijakauka, ukimvua ganda unamtoa na damu. Vifaranga wa kwanza wanaweza kukaa chini ya mama siku moja na nusu, mbili, bila kula wala kunywa, wana akiba ya kile kiini, kwaiyo usihofu ukiona hawatoki. Ila maganda tu utoe taratibu kama yamejaa, wakati mwengine ganda tupu linavalia yai jengine na kumziba kifaranga asipumue. Siku ya 30 yalobaki sikiliza sikioni, kimya, toa.

Vifaranga siku za mwanzo

Sitaandika sana hapa, ni somo lake, ila mambo yanoua wiki ya kwanza ni machache na yote yanazuilika.

Sakafu inoteleza inawatanua miguu, kwaiyo gunia au mchanga, sio gazeti. Maji yawe kwenye kisahani chenye kokoto, wanazama hata kwenye maji ya kidole kimoja. Vifaranga wa bata mzinga ni wajinga wa kula, wanaweza kufa njaa wamesimama juu ya chakula. Mama anawaonesha, lakini wewe nae gonga gonga kwa kidole, chovya midomo yao kwenye maji, tupia gololi mbili tatu zinazong'aa kwenye chakula wadonoe. Majani ya kitunguu yalokatwa katwa madogo madogo wanayapenda mno.

Chakula chao kinataka protini nyingi kuliko cha kuku, karibu asilimia 28. Cha bata mzinga khasa huku hukipati dukani, chukua cha kuku wa nyama cha kuanzia, ongeza dagaa wakavu wasokuwa na chumvi wa kusaga na yai la kuchemsha lilopondwa, na mchwa ukiwapata.

Wasikanyage umande. Wafungie na mama yao mpaka saa tatu majani yakauke, mvua ikija waingie, wakiroa ule utando wao wa manyoya wanaganda baridi hata kama wewe unatoka jasho. Ndo maana mie simwekei koo mayai mwezi wa pili na wa tatu, watatoka katikati ya masika. Namwekea kuanzia wa sita, kipupwe, mpaka wa nane wa tisa, na ukihesabu vizuri wa mayai ya mwezi wa sita wanakuwa na miezi mitano na kitu Disemba wanapotafutwa.

Na usiwachanganye na kuku wala kuwaweka ardhi waloishi kuku. Kuna ugonjwa wa kichwa cheusi, vijidudu vyake vinajificha ndani ya mayai ya minyoo ya kuku na vinakaa ardhini miaka. Kuku mwenyewe anatembea navyo haumwi sana, bata mzinga anajikunyata, kinyesi kinakuwa cha manjano kama kiberiti (salfa), anakufa. Wanaotumia kuku kulalia mayai ya bata mzinga, manne matano chini ya kuku mkubwa, inafanya kazi, ila wajue hilo.

Asopata kifaranga

Ikitokea mayai yote viza, au hukutaka alale, usimwache akae tu kwa kusema atachoka mwenyewe. Hachoki. Atakaa wiki ya tano, ya sita, juu ya mawe. Mtie kwenye kizimba cha fito chenye sakafu ya wazi kilonyanyuliwa, upepo umpite tumboni, mwanga wa kutosha, bila majani, maji na chakula mbele yake, siku tatu mpaka nne. Ukimfungulia akaenda kuchakura na wenzake basi, akirudi kwenye kona yake mrudishe siku mbili tena.

Aliyetotoa nae usimwekee mayai mengine hata akitaga. Mwache na wanawe mwezi mmoja mpaka mwezi na nusu, mpe mahindi na dagaa mpaka ukimshika kifua kidole kisihisi ncha ya mfupa.